GHARAMA YA KUPIMA NA GHARAMA YA KUTOPIMA

Injini haidanganyiki. Mtu aweza kumdanganya mnunuzi kwa boksi jipya, kwa rangi inayong'aa na kwa maneno matamu ya dukani, lakini bushi iliyokerezwa ovyo ikishawekwa mahali pake itatoa siri yote katika muda wa siku chache: mashine itagonga, itatoa moshi, itakunywa oili, na mwisho itasimama. Hapo ndipo mwenye mashine atambuapo kwamba alinunua chuma, wala hakununua kipuri. Jambo tulilokusudia kulizungumza leo latokana na tofauti hiyo ya chuma na kipuri, nalo ni hili: je, karakana zetu zinazotengeneza vipuri vya injini na mitambo, hasa katika mikoa iliyo mbali na pwani kama Simiyu, zaweza kumudu gharama ya vifaa vya kupimia ubora wa kazi zao? Na kama haziwezi, nani alipe?

Mkoa wa Simiyu, ambao makao makuu yake yako Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 wakazi wake walipita milioni 2. Kila mtu aujua mkoa huu kwa pamba. Lakini si wote wanaokumbuka kwamba pamba haitoki shambani na kufika melini kwa miguu yake. Trekta hulima, lori huchukua mzigo kutoka ghala la chama cha ushirika, kinu huchambua mbegu na nyuzi, jenereta hushika kazi umeme unapokatika, na huko nyuma nyumbani mashine ya kusaga ndiyo inayowapa watoto ugali. Hapana hata kimoja katika vitu hivyo kisichokuwa na beringi, bushi, shafti au pistoni ndani yake.

Tena kazi ya pamba ina saa yake. Msimu wa kununua hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Mei, na vinu huchambua kwa miezi michache tu ya kiangazi. Kipuri kikivunjika mwezi wa Julai hakiwezi kungojea hadi Desemba. Mwenye kinu atatuma mtu Mwanza, na asipokipata Mwanza atatuma Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na wakati wote huo wachukuzi wamekaa kivulini bila ya kazi, malori yamepanga mstari, na mkulima angoja fedha zake. Kwa sababu hiyo sisi twaunga mkono kwa moyo wote kila juhudi ya kutengeneza vipuri papo hapo Bariadi, Maswa na Mwanhuzi. Mkono wa fundi wa jirani ni bora kuliko ahadi ya duka la mbali. Lakini twaunga mkono kwa sharti moja: kipuri hicho kiwe kimepimwa.

Katika jambo hili kuna sauti mbili zinazopingana, na sisi twaona kwamba zote mbili zimekosa shabaha.

Sauti ya kwanza ni ya wenye karakana wanaosema kwamba vifaa vya kupimia ni anasa ya viwanda vya Ulaya. Fundi wetu, wasema wao, ana jicho na ana kidole. Amekereza chuma kwa miaka ishirini na hana haja ya kuonyeshwa na kidude cha kioo kazi ambayo mkono wake umeizoea. Fedha iliyopo, wasema, heri inunue mashine ya pili ya kukereza. Sauti ya pili ni ya watu wa maofisini ambao, wakisha kusoma juu ya viwanda vikubwa vya ng'ambo, hutaka kila karakana yenye mafundi wanne iwe na maabara kamili kabla ya kuruhusiwa kuuza hata nati moja. Sauti ya kwanza itatuletea mashine zilizosimama. Sauti ya pili itatuletea karakana zilizofungwa. Mwananchi hafaidiki na moja wala nyingine.

Kabla ya kuendelea yafaa tukumbushane historia, maana watu wa Usukuma hawahitaji kufundishwa na mtu wa nje thamani ya kipimo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba katika Jimbo la Ziwa walikuwa wakiuza pamba yao kwa wafanya biashara ambao mizani ilikuwa mikononi mwao wenyewe. Mkulima aliona mzigo wake ukipanda juu ya mizani, akasikia tarakimu ikitajwa, akapokea fedha, wala hakuwa na njia ya kujua kama ametendewa haki. Wakulima wakaamua kuweka wapimaji wao wenyewe, vijana waliojua kusoma, wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakikisha uzito. Kazi hiyo ilikuwa na gharama, nao wakulima waliilipa kutoka katika mifuko yao, na mifuko hiyo haikuwa minene. Katika juhudi hizo, chini ya uongozi wa Bwana Paul Bomani na wenzake, vyama vya ushirika vikakua mpaka mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya Victoria, ambalo wakati wa uhuru lilikuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya ushirika katika Afrika nzima.

Tuyatazame mambo hayo kwa makini. Wakulima wale hawakuuliza kama kipimo kina gharama. Walijua kina gharama. Waliuliza ni ghali zaidi kupima au kutopima, na walipopata jibu hawakununua kila mtu mizani yake nyumbani. Walichanga. Katika maamuzi hayo mawili, kupima na kuchanga, imo hekima yote tunayoitafuta leo kwa ajili ya vipuri.

Sasa tuingie ndani ya karakana. Vifaa vya kupimia si kitu kimoja, na wanaovitaja kama kitu kimoja ndio wanaowatisha watu bure. Sisi twaona yafaa vipangwe katika ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni vifaa vya mkononi: rula ya chuma, vernia, maikromita isomayo sehemu 1 ya mia ya milimita, na geji za kupita na kutopita, ambazo fundi huzitumia kujua mara moja kama tundu limezidi au limepungua. Vifaa hivi ni vidogo, hukaa katika sanduku moja, na bei yake ni ndogo sana ikilinganishwa na bei ya mashine yenyewe ya kukereza. Kwa ngazi hii hatukubali udhuru wo wote. Karakana isiyokuwa na maikromita haistahili kutengeneza kipuri cha injini, kama vile duka lisilokuwa na mizani lisivyostahili kuuza sukari.

Ngazi ya pili ni vifaa vya kuujua moyo wa chuma. Kipimo cha urefu na unene hakisemi kama chuma ni laini mno au kigumu mno. Pini ya pistoni yaweza kuwa na unene uleule unaotakiwa, lakini kama haikutiwa ugumu italika upesi, na kama imetiwa ugumu kupita kiasi itakatika kama kijiti kikavu. Hapo yatakiwa mashine ya kupimia ugumu, nayo si ya kubebwa mfukoni. Yatakiwa vilevile njia ya kuonyesha nyufa zisizoonekana kwa macho, na moja ya njia hizo ni rahisi: dawa ya rangi hupakwa juu ya chuma, hungoja ikapenya, hufutwa, kisha hupakwa dawa nyeupe, na ufa hujichora wenyewe mbele ya macho ya fundi.

Ngazi ya tatu ni vyombo vikubwa: mashine za kupima umbo lote la kipuri kwa kugusa mahali pengi, mitambo ya eksirei ya kutazama mapovu ndani ya chuma kilichokalibiwa, na mitambo ya kuchunguza mchanganyiko wa madini. Vyombo hivi ni vya viwanda vikubwa na vya mashirika ya taifa. Kumtaka fundi wa Bariadi awe navyo ni kumfanyia mzaha.

Na kuna jambo jingine ambalo wengi hulisahau, nalo halina bei kubwa ila lataka elimu. Joto hubadili kipimo. Tangu mwaka 1931 mataifa yamekubaliana kwamba vipimo vya urefu katika ufundi huhesabiwa katika joto la nyuzi 20 za sentigredi. Alasiri ya Bariadi yaweza kufika nyuzi 32. Pistoni ya aluminiamu yenye upana wa milimita 100, ikitoka katika nyuzi 20 kufika 32, hupanuka kwa zaidi ya sehemu 2 za mia za milimita, na silinda yake ya chuma hupanuka kwa nusu tu ya hiyo. Nafasi iliyopo kati ya pistoni na silinda huhesabiwa kwa sehemu hizohizo za mia. Basi fundi apimaye pistoni iliyoachwa juani, na maikromita yake ikiwa imelala kivulini, ajidanganya mwenyewe ingawa kifaa chake ni kizima. Dawa yake si fedha nyingi. Ni chumba chenye kivuli na ukuta mnene, na desturi ya kuacha kipuri na kifaa vikae pamoja mpaka joto lao lilingane.

Twarudi kwenye gharama. Watu hupenda kubishana juu ya gharama bila ya kuhesabu, kwa hiyo sisi tutahesabu. Hesabu hii ni ya mfano tu, wala si ya karakana yo yote iliyopo. Kila msomaji aweza kuweka tarakimu zake mwenyewe.

Tuseme mashine ya kupimia ugumu yauzwa shilingi 12,000,000 na itafanya kazi kwa miaka 10. Kila mwaka, basi, yala shilingi 1,200,000. Tuongeze shilingi 600,000 kwa kuihakikisha, matengenezo na umeme, na shilingi 600,000 nyingine ziwe sehemu ya mshahara wa mpimaji ambaye pia ana kazi nyingine. Jumla ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka. Karakana itengenezayo vipuri 3,000 kwa mwaka itakuwa imeongeza gharama ya shilingi 800 katika kila kipuri. Karakana itengenezayo vipuri 300 itakuwa imeongeza shilingi 8,000.

Upande wa pili wa daftari tuandike gharama ya kutopima. Tuseme katika kila vipuri 100 visivyopimwa, 5 ni vibovu, na kila kibovu kikivunjika kazini chaleta hasara ya shilingi 60,000: kipuri kingine, nauli ya fundi, na siku za mashine iliyosimama. Hasara ya vibovu 5 ni shilingi 300,000, na ukiigawa kwa vipuri 100 ni shilingi 3,000 kwa kila kipuri kilichouzwa, kizuri na kibovu.

Jibu limekwisha kuonekana. Kwa karakana kubwa, kulipa 800 ili kuokoa 3,000 ni biashara ambayo hata mtoto wa shule angeikubali. Kwa karakana ndogo, kulipa 8,000 ili kuokoa 3,000 ni kujiua. Mstari wa katikati katika mfano wetu ni vipuri 800 kwa mwaka. Chini ya hapo mashine haijilipi. Basi mwenye karakana ndogo asemaye kwamba hawezi si mvivu wala si mwizi. Asema kweli. Lakini kweli yake ni nusu, maana karakana 10 ndogo zenye vipuri 300 kila moja zikitumia mashine moja, kila moja yalipa shilingi 800 zilezile zilipwazo na mkubwa.

Tuangalie pia ni nani alipaye katika kila upande. Gharama ya kupima hulipwa na mwenye karakana, tena mwanzo, kabla ya kuuza. Gharama ya kutopima hulipwa na mtu mwingine, tena baadaye: mwenye mashine ya kusaga kule Itilima, mkulima anayengoja kinu kule Meatu, na mfanyakazi aliyesimama karibu na mtambo siku ulipopasuka. Hiyo ndiyo sababu ya kwamba mambo haya hayawezi kuachwa yaamuliwe na mfuko wa mwenye karakana peke yake. Yule aamuaye kutopima siye aumiaye.

Kwa hiyo sisi twasema: ngazi ya kwanza iwe mali ya kila karakana, ngazi ya pili iwe mali ya wote kwa pamoja, na ngazi ya tatu ibaki katika taifa.

Wala hatusemi jambo geni. Nchi yetu imekwisha kuonja faida ya kuchangia vipimo, na imeionja katika pamba yenyewe. Zamani ubora wa nyuzi ulitambuliwa kwa jicho na kidole cha mjuzi. Siku hizi soko la dunia lataka urefu, nguvu na wororo wa nyuzi vipimwe kwa mashine, na mashine hizo ni ghali, tena zahitaji chumba chenye joto na unyevu usiobadilika. Katika mradi wa kimataifa, kituo kimoja cha ufundi kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki na Kusini kiliwekwa Dar es Salaam katika Shirika la Viwango Tanzania, na kingine kwa ajili ya Afrika Magharibi kikawekwa Ségou, nchini Mali. Ikiwa nchi zenye serikali na hazina zao ziliona hekima ya kutumia kituo kimoja, mafundi wa mtaa mmoja waone aibu gani?

Vyombo vya kuifanya kazi hii tunavyo. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya mafundi wa namna hiihii. Shirika la Viwango lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1975, nalo ndilo litunzalo vipimo vya asili vya taifa ambavyo vifaa vingine vyote hulinganishwa navyo. TIRDO iliundwa mwaka 1979 na TEMDO mwaka 1980 kwa kazi ya utafiti na usanifu wa mitambo. Vyuo vya VETA vina mafundi walimu na vijana wanaohitaji kujifunza. Vyama vya ushirika wa pamba vina wanachama wanaotumia mitambo hiyo kila msimu. Kinachokosekana si shirika jipya lenye ofisi mpya na gari jipya. Kinachokosekana ni chumba kimoja Bariadi, chenye kivuli, chenye mashine ya kupimia ugumu na dawa za kuonyeshea nyufa, mpimaji aliyefundishwa, na daftari la zamu ambalo karakana zote zaweza kujiandikisha.

Huenda mtu akasema kwamba mataifa makubwa yalianza bila ya vipimo, nasi tuanze hivyohivyo. Historia haimwungi mkono. Mwaka 1908 mbele ya klabu ya magari ya Uingereza, katika uwanja wa Brooklands, magari matatu ya Cadillac kutoka Marekani yalifunguliwa vipande vyote, vipande vikachanganywa pamoja, kisha mafundi wakayaunga upya na kuyaendesha maili 500. Watazamaji walistaajabu, kwa sababu siku zile vipande vya gari moja havikuweza kuingia katika gari jingine bila ya kupigwa tupa na nyundo. Siri ya Henry Leland, mwenye kiwanda hicho, haikuwa chuma cha ajabu. Ilikuwa geji na maikromita. Huko Sweden C. E. Johansson alikuwa amekwisha kutengeneza vipande vya chuma vya kulinganishia vipimo, na kazi yake ilienea katika viwanda vya dunia nzima. Na jina la Rockwell, ambalo hata leo limeandikwa juu ya mashine za kupimia ugumu, ni la watu wawili wa Marekani waliopata hati ya uvumbuzi wao mwaka 1919. Nao walikuwa wakitafuta njia ya upesi ya kupima ugumu wa pete za beringi. Mambo haya hayakuja baada ya utajiri wa viwanda. Yalikuwa njia ya kuufikia.

Lakini kwa upande mwingine hatutaki mtu aabudu kifaa. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya abiria ya Marekani ilianguka Sioux City baada ya diski ya feni ya injini yake ya nyuma kupasuka ikiwa angani, na watu zaidi ya 110 walipoteza maisha. Uchunguzi ulionyesha kwamba ufa ulianzia katika kasoro ndogo iliyozaliwa pamoja na madini yenyewe wakati diski ilipotengenezwa, na kwamba ufa huo haukugunduliwa katika ukaguzi uliofanywa baadaye. Vifaa vilikuwapo. Wakaguzi walikuwapo. Kifaa chaweza kuona pale tu kinapoelekezwa, na kwa uangalifu wa yule akishikaye. Ndiyo maana twasema kwamba katika kila shilingi itakayotengwa kwa ajili ya mashine, sehemu yake itengwe kwa ajili ya mtu.

Na hapa twapenda kusema na wafanyakazi wenyewe, kisha na waajiri wao.

Ndugu mfanyakazi, kipimo si askari aliyetumwa kukukamata. Katika karakana isiyopima, kipuri kikivunjika lawama yote humwangukia aliyekereza, hata kama chuma alicholetewa kilikuwa kibovu tangu mwanzo. Daftari la vipimo ndilo shahidi wako. Tena mkono wako, hata ukiwa hodari namna gani, hauwezi kuhisi sehemu 1 ya mia ya milimita leo, na kesho, na mwezi ujao, sawasawa. Yule aonaye haya kutumia maikromita kwa sababu ya sifa za miaka yake ishirini hajui kwamba miaka hiyo ndiyo itakayomfanya aitumie vizuri kuliko kijana. Na kipuri ulichokipima ukakiona kibovu usikipitishe kwa sababu ya haraka ya msimu. Atakayekitumia huenda ni ndugu yako.

Ndugu mwajiri, wewe nawe usinunue kifaa ili kukata mishahara ya watu. Fundi akijua kwamba kila kasoro iliyoandikwa itatolewa katika ujira wake, hataacha kufanya kasoro, ataacha kuziandika. Mwaka 1924 Walter Shewhart, mtaalamu wa kampuni za simu za Marekani, alionyesha namna ya kuchora vipimo vya kazi siku hadi siku ili kutambua mapema kwamba mashine imeanza kupotoka. Faida kubwa ya kupima ni hiyo. Kutenga vibovu baada ya kutengenezwa ni faida ndogo. Kuona kwamba kisu cha mashine kimeanza kulika, kabla ya vibovu 50 kuzaliwa, ndiyo faida yenyewe. Tena kwa njia hiyo si lazima kila kipuri kipimwe kwa kila kipimo. Mlango wa banda na bolti ya konirodi havitaki uangalifu mmoja. Mwenye akili hupima vyote vilivyo hatari, na katika vilivyobaki huchukua vichache kwa zamu.

Kadhalika mpimaji asiwe chini ya mtu yuleyule ambaye kazi yake ni kuhimiza mzigo utoke. Wakulima wa Jimbo la Ziwa walilifahamu hilo walipoweka wapimaji wao kando ya mizani ya mnunuzi. Mtu hawezi kuwa mchezaji na mwamuzi katika mpira mmoja.

Wapo watakaouliza: iwapo fundi wa Bariadi atapima na kulipa, na duka la jirani lauza kipuri cha bandia kisichopimwa kwa nusu ya bei, nani atanunua cha fundi? Swali hili ni la haki. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi, lakini mtu mwenye haja hupika kwa kile alichonacho. Mnunuzi hawezi kuuona ugumu wa chuma kwa macho. Kwa hiyo kipuri kilichopimwa na kisichopimwa humwonekea sawa, na huchukua cha bei ndogo. Dawa ni alama. Kipuri kilichopita katika chumba cha kupimia kiwe na chapa ya karakana na namba ya daftari, ili mwenye mashine aweze kurudi na kudai. Nao wakaguzi wa Shirika la Viwango na Tume ya Ushindani, ambao kazi yao ni kuwazuia wauza bandia, wafike katika maduka ya mikoani mara kwa mara kama wafikavyo katika maduka ya Dar es Salaam.

Tusisahau somo la viwanda vyetu wenyewe. Kiwanda cha Kilimanjaro Machine Tools kilichoko Hai kilijengwa katika miaka ya 1980 kwa ushirikiano na Bulgaria, kikiwa na kusudi la kuipatia nchi mashine na vipuri. Kwa miaka mingi kilizorota, mpaka serikali kwa njia ya Shirika la Maendeleo la Taifa ikaanza kukifufua. Mashine nzuri zisizokuwa na kazi ya kutosha ni mzigo, na vifaa vya kupimia ni vivyo hivyo. Hesabu yetu ya juu imeonyesha: kazi nyingi huishusha gharama ya kipimo, na kazi chache huipandisha. Basi chumba cha Bariadi kisingoje mafundi wa injini peke yao. Kipokee vipuri vya vinu, vya matrekta, vya mashine za kusaga na vya pampu za maji, ili kiwe na kazi hata baada ya msimu wa pamba kwisha.

Sisi twatoa shauri, na twalitoa wazi. Halmashauri za mkoa wa Simiyu, SIDO, VETA na vyama vya ushirika wakae meza moja kabla ya msimu ujao. Wahesabu karakana zilizopo na vipuri zinavyotengeneza kwa mwaka, maana bila ya tarakimu hiyo mazungumzo yote ni porojo. Wachague vifaa vichache vya ngazi ya pili ambavyo mafundi wetu waweza kuvitumia na kuvitengeneza. Fedha ya kuvihakikisha kila mwaka iandikwe katika makadirio tangu siku ya kwanza, kwa sababu kifaa kisichohakikishwa ni kibaya kuliko kukosa kifaa: chasema uwongo kwa sauti ya kweli. Ada iwekwe kwa kipuri, wala si kwa mwezi, ili mdogo alipe kwa kadiri ya kazi yake. Wakulima wa mwaka 1952 walichanga senti zao ili kupata mizani ya haki, na hawakungoja kuwa matajiri kwanza.